Msikilizaji Mkuu na Kifaru cha Makopa

Nchi hii haipo. Ukiitafuta kwenye ramani utachosha macho bure. Na ikitokea msomaji akamtambua mtu humu ndani, basi huyo ni mtu wake mwenyewe, akaulizane naye huko huko.

Iliitwa Jamhuri ya Utulivu. Upande wa mashariki ilipakana na Jamhuri ya Subira, na katikati ya mataifa hayo mawili palikuwa na kizuizi cha gogo moja la mkaratusi, lililoinuliwa asubuhi na kushushwa jioni, huku mbuzi wakipita chini yake bila hati yoyote. Watulivu na Wasubira walikuwa watani tangu enzi za mababu. Walitukanana wakikutana, walinyang'anyana vitu misibani, na asiyetukanwa na mtani wake alirudi nyumbani akijiuliza amekosa nini.

Utulivu ililindwa na Dola Kubwa. Dola Kubwa lilikuwa mbali sana, ng'ambo ya bahari mbili, lakini lilikuwa na kambi yake pale pale mji mkuu, juu ya kilima. Iliitwa Kambi ya Urafiki Usiokwisha, na ilikuwapo kwa miaka thelathini na moja.

Sasa, katika nchi hiyo alikuwapo Mzee Sefu Kilindo, Msikilizaji Mkuu wa Taifa. Cheo hicho hakukipata kwa ujomba. Alianza kama tarishi katika Wizara ya Mambo ya Nje na ya Nje Zaidi, akabeba mafaili miaka kumi na tisa, na kila jioni akaenda kukaa kwenye dawati la watoto wa darasa la pili, magoti yakimgusa kidevu, akisoma Kiingereza mpaka akapata cheti chenye muhuri wa bluu. Cheti hicho alikitundika sebuleni, juu ya picha ya harusi yake. Mkewe alipolalamika, alimjibu, "Mama Zamda, harusi wanafunga hata walioshindwa mtihani."

Cheo chenyewe kilianzishwa siku Waziri wa wizara hiyo, Mheshimiwa Bi. Shamsa Lugoba, alipowarudisha nyumbani mabalozi wote arobaini na wawili.

"Balozi analeta taarifa baada ya wiki mbili," alilieleza Bunge. "Balozi ana mke, ana mbwa, ana mafua. Podikasti haina mafua!"

Bunge lilipiga makofi mpaka mbunge mmoja akaamka.

Tangu hapo mambo yote ya dunia Utulivu iliyapata kutoka kwenye podikasti moja, iliyotengenezwa na vijana wawili wa Dola Kubwa, Bredi na Kaili, ndani ya banda la gari la mama yake Bredi. Kila siku ya kazi, saa mbili kamili asubuhi, Baraza la Mawaziri lilikusanyika mbele ya spika. Muziki wa kufungulia ulipolia, wote walisimama wima, mkono kifuani. Mzee Kilindo, tai shingoni, alisimama kando ya spika akitafsiri, na karani aliandika kila neno, pamoja na matangazo ya biashara. Kwa kuwa podikasti hiyo ilidhaminiwa na kiwanda cha magodoro, muhtasari wa kila kikao ulikuwa na kipengele kisemacho: "Dola Kubwa linatusihi tulinde uti wa mgongo." Ikatoka amri ya Baraza kwamba kila askari apewe godoro. Bunduki zingefuata fedha zikipatikana.

Asubuhi moja, kwenye dakika ya kumi na nne, Bredi alisema, "Hivi, tuliondoka lini pale... pale panaitwaje?"

"Ngoja nitafute kwenye ramani," Kaili akasema.

Zikasikika sauti za kubofya kwa dakika mbili nzima. Baraza lote lilisikiliza kubofya huko kwa heshima, na karani akaandika, "Wanatutafuta."

"Nimepaona," Kaili akasema hatimaye. "Nilikuwa nimekosea bara. Tuliondoka wiki tatu zilizopita."

Mzee Kilindo alipotafsiri, Waziri wa Ulinzi alishika meza. "Wiki tatu! Lakini king'ora chao nakisikia kila asubuhi!"

"Kinalia chenyewe, Mheshimiwa," Mzee Kilindo alisema. "Wanasema walisahau kukizima."

Msomaji anaweza kushangaa kwamba kambi ilikuwa mita mia nne tu kutoka Ikulu na hakuna aliyeona ndege tatu zikipakia watu na majokofu. Asishangae. Walioziona walikuwa wauza mboga, na wauza mboga hawahusiki na mambo ya nje.

Serikali ilichukua hatua papo hapo. Rais aliteua Naibu Waziri wa Kuwepo kwa Wasiokuwepo. Kila siku suruali mia mbili za kijeshi zilianikwa kambini, na zikikauka zilimwagiwa maji na kuanikwa upya, ili adui akipita azihesabu. Brasi bendi ya shule ya sekondari ilitumwa kule kupiga kelele za Kiingereza. Na taifa likalala salama, uti wa mgongo umenyooka.

Wiki nne baadaye akafariki shangazi yake Mzee Kilindo, Bi. Mwanahawa, mwenye miaka tisini na minne, katika kijiji cha Magengeni kilichoko mpakani kabisa. Mzee Kilindo akaomba ruhusa ya siku tatu akaenda kuzika.

Pale Magengeni Dola Kubwa lilikuwa limeacha kifaru kimoja, kibovu, kisicho na injini tangu miaka mitano nyuma. Wanawake wa kijiji walikipenda sana. Chuma chake kilishika moto wa jua vizuri, na makopa ya muhogo yaliyoanikwa juu yake hayakupata wadudu. Bi. Mwanahawa mwenyewe alikuwa na nafasi yake ya kudumu, kwenye kifuniko cha dereva.

Jeneza lilipokuwa linatolewa, watani wakaingia. Walikuwa Wasubira kumi na wawili, wakiongozwa na Mzee Chande Makwaya, mfua vyuma mstaafu, mtani wa Mzee Kilindo tangu mababu zao. Alikuwa amejifunga kanga ya marehemu na anatembea kwa kuchechemea kama alivyotembea bibi huyo.

"Nyie wala kumbikumbi!" alipiga kelele. "Bibi huyu hakuugua! Amekufa kwa kungoja wali wenu uive!"

Waombolezaji wakaanza kucheka huku machozi yanawatoka. Chande akaenda moja kwa moja kwa Mzee Kilindo, akamshika tai.

"Na hii kamba ni ya nini? Wamekufunga wasije wakakupoteza? Wanasema huko mjini unalipwa kwa kuwa na masikio. Punda wangu anayo makubwa kuliko yako na hajapata hata gari!"

"Punda wako angekuwa waziri huko kwenu," Mzee Kilindo alimjibu, "ila mmeona atawazidi akili."

"Msibani hatulii bure!" Chande akageukia watu wake. "Tuchukue nini kwa hawa walafi?"

Kwa kawaida mtani huchukua sufuria, au kuku, au hulala kaburini mpaka akombolewe. Lakini Chande alikuwa mfua vyuma. Macho yake yalitua kwenye kifaru. Wakaleta maksai wanane, wakafunga minyororo, na kifaru kikaanza kuvutwa kuelekea mpakani kikiwa na makopa yake yote juu. Mlinzi wa kizuizi aliinua gogo kwa heshima ya marehemu. Wanawake wakakimbia nyuma ya kifaru wakipiga mayowe, "Makopa yetu jamani! Makopa!"

"Kikomboleo ni jogoo mwekundu na ndoo ya togwa!" Chande aliwapigia kelele kutoka upande wa pili, amekaa juu ya mzinga. "Kabla ya arobaini!"

Mzee Kilindo alicheka mpaka akafungua tai, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hadharani. Shangazi yake alikuwa amezikwa kwa heshima kamili. Akawaahidi ndugu zake kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayemtafuta jogoo, akarudi mjini na moyo mweupe.

Jumatatu, saa mbili kamili, Baraza likasimama. Muziki ukaisha. Bredi akaanza kwa sauti nzito ambayo kwa kawaida aliitumia kwenye tangazo la magodoro.

"Tumepata picha za kutisha. Jeshi la Subira limevuka mpaka na kuteka silaha nzito za Utulivu."

"Tazama raia wanavyokimbia," Kaili akasema. "Wanalilia nchi yao. Na sisi tumeondoka wiki saba tu! Ndugu yangu, hatuogopwi tena. Zamani kwa jambo kama hili tulituma manowari."

"Halafu tukawa tunatuma ndege."

"Halafu mjumbe. Halafu barua. Leo wakubwa wetu wametuma nini?"

"Wasiwasi mkubwa," Bredi akasoma. "Hapana, samahani. Wamerekebisha. Wasiwasi wa wastani."

Kwa mara ya kwanza tangu apate cheti, Mzee Kilindo alikuwa hajatafsiri hata neno moja.

"Tafsiri, Msikilizaji!" Bi. Lugoba alisema.

Akatafsiri. Kisha akaongeza, "Lakini Waheshimiwa, haya siyo kweli. Ni utani. Kifaru kimechukuliwa msibani kwa shangazi yangu. Wanadai jogoo."

"Wamesema hivyo?" Bi. Lugoba aliuliza, akiielekeza kalamu yake kwenye spika.

"Hawakusema. Nasema mimi. Nilikuwepo."

"Ulikuwepo!" Bi. Lugoba aliwatazama wenzake kwa huruma. "Mtu aliyekuwepo anajua nini, Mzee Kilindo? Aliyekuwepo anaona upande mmoja tu. Wenzako wako mbali, wanaona pande zote."

Rais mwenyewe akanyanyuka. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyarudia mara nyingi. "Tumevamiwa," alisema. "Tumevamiwa. Nasema tena kwa msisitizo: tumevamiwa. Vita ni Alhamisi saa nne asubuhi, ili Jumatano tupate nafasi ya kushona bendera."

Mchana huo simu ya Mzee Kilindo iliita. Alikuwa binti yake, Zamda, koplo katika Jeshi la Utulivu.

"Shikamoo baba. Kikosi chetu kimepangwa mstari wa mbele, pale Magengeni."

"Marahaba mwanangu. Mmepewa nini?"

"Risasi kumi na mbili na magodoro sitini." Zamda alishusha sauti. "Baba, nimeambiwa tutawapiga kina Babu Chande. Yule aliyenibeba mgongoni siku ya ngoma. Ni kweli amekuwa adui?"

Hapo simu nyingine ikaingia.

"Mtani, mla kumbikumbi, upo?" Alikuwa Chande, anahema. "Huku nimepata balaa. Wamenivalisha nishani! Wananiita Jenerali! Wasikilizaji wa serikali yetu wamesikia kwenye hiyo hiyo podikasti yenu kwamba tumeshinda vita, nchi nzima inacheza ngoma. Nimewaambia mimi nadai jogoo tu. Wakanikonyeza, wakaipa vita jina: Operesheni Jogoo."

"Rudisha kifaru, Chande!"

"Kinalindwa na askari sitini, nitakirudisha kwa meno? Na wajukuu zangu wawili wameandikishwa. Mtani, fanya kitu, wewe mwenye cheti."

Mzee Kilindo alikwenda kusimama mbele ya cheti chake. Kisha akachukua simu akawaandikia Bredi na Kaili, kwa Kiingereza alichokisoma magoti yakiwa kidevuni, akawaeleza utani ni nini. Jibu lilikuja baada ya dakika kumi. Walimwalika awe mgeni wao Jumatano alasiri, kipindi kirushwe Alhamisi.

Jumatano alasiri Mzee Kilindo aliingia ndani ya kabati la nguo, kwa kuwa vijana walimwambia atafute mahali pasipo na mwangwi. Akakaa juu ya mabegi, kanga za mkewe zikimfunika kichwa. Mama Zamda aliketi nje ya mlango na ukuni mkononi, kumfukuza yeyote atakayepiga hodi.

"Mgeni wetu leo yuko huko huko," Bredi alitangaza. "Bwana, hebu tueleze."

Mzee Kilindo akaeleza. Alieleza watani ni akina nani, msiba ni nini, jogoo ni wa nini.

"Kwa hiyo," Kaili akasema polepole, "ni mbinu mpya ya kivita. Adui anacheka huku anabeba silaha."

"Hapana, mwanangu. Hawa hawana uadui."

"Ni ya kutisha kuliko tulivyodhani," Bredi akasema. "Na jeshi letu halina mafunzo ya kucheka."

Jasho likamtoka mzee kabatini. Aliona wazi kwamba ukweli, akiwapa ukiwa umevaa kaniki, hawataufungulia mlango. Akaamua kuuvalisha suti.

"Mko sahihi," alisema, na akaifanya sauti yake iwe nzito kama ya tangazo. "Kwa mujibu wa vyanzo vyangu vya ngazi za juu, kesho saa nne pande zote mbili zitatekeleza Itifaki ya Jogoo. Utulivu itakabidhi jogoo mmoja mwekundu na ndoo ya togwa. Subira itarudisha kifaru. Wachambuzi wote wanakubaliana."

"Wachambuzi wote?"

"Wote wawili," alisema Mzee Kilindo, maana alikuwa amempigia Chande asubuhi.

"Na wewe ni nani hasa?" Kaili aliuliza. "Wasikilizaji wetu watataka kujua kama unaaminika."

Hapo ndipo penye mfupa. Sheria ya Masikio, kifungu cha tatu, ilimkataza Msikilizaji kumwambia mgeni yeyote serikali inapata wapi habari zake, na adhabu ilikuwa kufukuzwa kazi siku hiyo hiyo. Mzee akawaza miaka kumi na tisa ya mafaili. Akamwaza Zamda, na risasi zake kumi na mbili.

"Mimi ni Sefu Kilindo," alisema, "Msikilizaji Mkuu wa Taifa la Utulivu. Kila asubuhi serikali yangu husimama wima kuwasikiliza nyinyi, na mimi ndiye ninayewatafsiria."

Kule banda la gari ikasikika sauti ya mwanamke kwa mbali, "Bredi! Serikali gani hiyo inakusikiliza wewe, na vyombo hujaosha?"

Alhamisi, saa mbili kamili, Baraza likasimama na mikono kifuani. Mzee Kilindo, tai shingoni, alisimama kando ya spika na kujitafsiri mwenyewe kwa uaminifu, bila kuongeza chumvi.

"Mtaalamu anasema pande zote mbili zitatekeleza Itifaki ya Jogoo..."

Kalamu za mawaziri zilikimbia kwenye karatasi. "Itifaki ya Jogoo!" Waziri wa Ulinzi alinong'ona. "Nilikuwa naihisi kabisa."

"Huyu mtaalamu ana kichwa," alisema Bi. Lugoba. "Siyo kama watu wetu wa hapa. Anaitwa nani?"

"Sefu Kilindo, Mheshimiwa."

"Ajabu. Siku hizi hata watu wa nje wana majina yetu."

Hakukuwa na muda wa kushangaa zaidi. Jogoo mwekundu alihitajika mpakani ndani ya saa mbili. Wizara ya Mifugo ilikuwa na jogoo mmoja, mweupe, na alikuwa masomoni. Mwishowe Zamda na kikosi chake walimkamata mmoja huko huko Magengeni, baada ya kumfukuza dakika ishirini na kumwangushia magodoro manne. Hiyo ndiyo vita pekee iliyopiganwa siku ile.

Saa nne kamili majeshi mawili yalijipanga pande mbili za gogo la mkaratusi. Mzee Kilindo aliwasili kwa gari la wizara, amepakata ndoo ya togwa. Upande wa pili Waziri wa Ulinzi wa Subira alikuwa ameketi kwenye kiti cha enzi kilichochongwa kwa ajili ya ushindi, na kando yake Jenerali Chande, nishani kifuani, anajikuna.

"Ndiyo jogoo huyu?" Chande alipaza sauti. "Au ni njiwa aliyepakwa rangi? Watulivu hata kuku wenu wana njaa!"

Askari wa pande zote mbili walitazamana. Mmoja akacheka. Halafu safu nzima.

"Mchukue hivyo hivyo," alisema Mzee Kilindo. "Ukimla, utapata akili ya kuku, utakuwa umepanda daraja!"

Kifaru kikavutwa kurudi na maksai wale wale, makopa yamekauka safi, hayana hata mdudu mmoja. Wanawake wa Magengeni wakapiga vigelegele. Zamda aliwatazama watani wakichezea jogoo wao, na damu ya ukoo ikampanda. Mtani akichukua, na wewe unachukua.

"Kikosi!" aliamuru. "Beba!"

Wakaruka gogo, vijana ishirini, wakainua kiti cha enzi pamoja na Waziri wa Ulinzi wa Subira juu yake, wakavuka naye mbio.

"Nimetekwa!" waziri alilia. "Bredi! Kaili! Nimetekwa!"

"Tunataka mbuzi!" Zamda aliwapigia kelele Wasubira. "Beberu! Na awe mnene kuliko huyu!"

Chande alianguka chini kwa kicheko, nishani ikamdondoka. "Mtani, binti yako!" alimwambia Mzee Kilindo huku anajifuta machozi. "Huyu waziri msimrudishe haraka. Sisi tutawatafutia beberu taratibu."

Walimlaza waziri kwenye godoro la serikali siku nne, na anasemekana kukiri kwamba mgongo haujawahi kumnyookea hivyo.

Kuhusu Mzee Kilindo, sheria ni sheria. Ijumaa asubuhi karani aliposoma upya muhtasari na kugundua mtaalamu ni nani, barua ya kumfukuza kazi iliandikwa papo hapo, ikasainiwa na Rais mara tatu kwa msisitizo, na nakala zikapelekwa wizara zote. Lakini Baraza liliona kwamba jambo zito kama hilo haliwezi kuanza kutumika kabla ya kuthibitishwa kutoka nje. Tangu siku hiyo mawaziri husimama kila asubuhi, mkono kifuani, wakingoja Bredi na Kaili waitaje barua hiyo. Kila asubuhi kipindi kikiisha Bi. Lugoba huuliza, "Wamesema chochote kuhusu Msikilizaji wetu?"

Na Mzee Kilindo, tai shingoni, huikunja karatasi yake na kujibu kwa uaminifu, "Bado, Mheshimiwa. Labda kesho."